Anzeni na Mizani: Mwongozo kwa Mkulima na Mnunuzi wa Ntalikwa

Mtu wa Ntalikwa, kata iliyo pembeni mwa mji wa Tabora, hupunjwa mara mbili katika mwaka mmoja. Mara ya kwanza ni anapouza mahindi, karanga, tumbaku, asali au michembe. Mara ya pili ni anaponunua mbolea, mbegu, petroli ya pikipiki, au anapochukua mkopo wa kuvusha familia hadi mavuno. Anayenunua kwake kwa kipimo kikubwa na anayemuuzia kwa kipimo kidogo huenda hawafahamiani kabisa, lakini hasara yote inaishia kwenye nyumba moja. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili yako wewe uliyechoka kulalamika kibarazani na unayetaka kufanya jambo pamoja na majirani zako. Ushauri ninaoushikilia kuliko wote ni huu: msianze na maandamano wala na katiba ya chama. Anzeni na mizani.

Ugomvi wa vipimo si mgeni katika nchi hii ya Unyanyembe. Misafara ya karne ya 19 iliyopita Tabora kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipima pembe za ndovu kwa frasila na nguo ya merikani kwa doti. Wapagazi wa Kinyamwezi, ambao ndio walioibeba biashara ile mabegani, waliijua thamani ya kazi yao. Walipatana ujira, walidai posho yao ya nafaka kwa kibaba, na walipoona wanapunjwa walitua mizigo au wakatoroka. Hawakuwa na ofisi ya kukimbilia. Silaha yao ilikuwa kutua mizigo kwa pamoja.

Mfano ulio karibu zaidi na haja yetu uko kaskazini, kwa jirani zetu Wasukuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walikuwa wamechoshwa na mizani ya wanunuzi. Wakiongozwa na vijana kama Paul Bomani, waliweka wapimaji wao wenyewe, watu waliosimama penye ununuzi wakihakiki uzito wa kila mzigo. Kwenye juhudi hizo ndiko vilikochipuka vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa VFCU, shirikisho ambalo hadi kufikia Uhuru lilikuwa limeshika biashara ya pamba ya jimbo zima. Mwanzo wake ulikuwa mtu mmoja aliyejua kusoma namba, amesimama pembeni ya mizani ya mwingine akiandika.

Mizani yenu wenyewe

Watu kumi wanatosha kuanza. Changeni fedha mnunue mizani ya kuning'iniza inayofika kilo 100, kisha ipelekeni kwa Wakala wa Vipimo mjini Tabora ihakikiwe na kubandikwa stika. Msiruke hatua hiyo. Mizani isiyohakikiwa haitawasaidia siku mtakapobishana na mfanyabiashara, kwa sababu atasema yenu ndiyo mbovu, na hamtakuwa na la kumjibu. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mizani yote inayotumika kwenye biashara ihakikiwe walau mara moja kila baada ya miezi 12. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kutazama dukani, kwenye mashine ya kusaga au kwa mnunuzi wa mazao ni stika ile na mwaka uliomo.

Stika peke yake haimalizi mambo. Tazama kama mshale unasimama penye sifuri kabla ya mzigo kuwekwa. Pima mzigo uleule mara mbili. Namba zikipishana, mizani ina kasoro au mpimaji ana mkono mzito. Njia rahisi kuliko zote ya kujaribu mizani ni maji, kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Pima dumu likiwa tupu, andika uzito wake, kisha tia maji lita 20 na upime tena: tofauti iwe kilo 20. Usijaze dumu hadi mdomoni ukadhani umepata lita 20, maana madumu mengi hubeba zaidi ya kiasi kilichoandikwa. Jazeni kwa chupa za maji ya dukani zilizoandikwa ujazo wake, mkihesabu chupa moja moja. Jaribio hili halihitaji fundi, na mtoto wa darasa la sita anaweza kulifanya mbele ya mkutano.

Kwa mfugaji wa nyuki kuna jambo ambalo peke yake linaweza kurudisha fedha ya mizani katika msimu mmoja. Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ya asali iliyoiva ina uzito wa karibu kilo 1.4, hivyo ndoo ya lita 20 hubeba karibu kilo 28. Mnunuzi anayekuja Ntalikwa akapatana nawe bei ya kilo, kisha akahesabu ndoo kuwa kilo 20, ameondoka na kilo 8 za bure katika kila ndoo. Akichukua ndoo kumi, amebeba kilo 80 ambazo hakuzilipia. Mkoa huu una jina kubwa la asali, na ushirika wa wafugaji nyuki wa Tabora ni wa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hakuna sababu ya asali hiyo kuendelea kuuzwa kwa kukadiria. Chagueni kimoja: kilo au lita. Mkishachagua, bei na kipimo viwe vya aina moja.

Lumbesa ni wizi unaofanyika mchana, tena mkulima mwenyewe akisaidia kushona. Gunia linajazwa, linapandishwa kilemba, linafungwa kwa kamba juu, halafu linalipwa kama gunia. Taratibu za vipimo zinataka mazao ya shamba yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukipiga vita lumbesa kwa miaka mingi. Kinachokwamisha ni kwamba mkulima mmoja akikataa, mnunuzi anavuka barabara kwenda kwa jirani. Hapa mizani haitoshi bila mapatano. Kabla ya mavuno, kaeni kitongoji kwa kitongoji mkubaliane kuwa mahindi yanauzwa kwa kilo tu, na mizani ya kikundi ikae mahali pamoja panapojulikana na kila mnunuzi. Jirani anayeuza lumbesa kwa sababu mtoto anaumwa msimtukane. Mfuko mdogo wa kikundi unaoweza kumkopesha siku hiyo utalilinda soko lenu kuliko maneno makali.

Katika tumbaku kilo ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni daraja, na daraja moja chini linaweza kumla mkulima kuliko mizani mbovu. Mwanachama wa chama cha msingi ana haki ya kuwapo mzigo wake unapoteuliwa na kupimwa, ya kupata karatasi ya mauzo, na ya kuelezwa kila kato: pembejeo, riba, ushuru, mchango wa chama. Pale bei ya tumbaku inapotajwa kwa dola, uliza fedha yako ilibadilishwa kwa kiwango gani na cha siku ipi. Andika jibu. Vyama hivi vinasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 na hukaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika. Taarifa ya mkaguzi ni ya wanachama na inapaswa kusomwa kwenye mkutano mkuu. Haikuandikwa ili ifungiwe kabatini.

Daftari

Baada ya mizani, nunueni daftari gumu la kaunta. Kila wiki mtu mmoja aandike bei za vitu vichache vilevile, mahali palepale: kilo ya sukari, lita ya mafuta ya kula, mfuko wa mbolea wa kilo 50, lita ya petroli, kilo ya mahindi kwa mnunuzi wa shambani na kilo hiyohiyo katika soko la Tabora mjini. Msiandike vitu arobaini, mtachoka mapema. Baada ya miezi michache daftari litaanza kuwaonyesha mambo: bei iliyopanda kabla ya mzigo mpya kufika, mbolea ya ruzuku inayouzwa juu ya bei iliyotangazwa, mnunuzi anayeshusha bei kila shule zinapokaribia kufunguliwa kwa kuwa anajua mnahitaji ada na sare.

Kwa petroli kazi imerahisishwa. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei hizo hutofautiana kwa mahali. Iandikeni bei ya kwenu kwenye karatasi mkaibandike kijiweni kwa bodaboda. Kituo hakiruhusiwi kuuza juu ya bei hiyo, na kinapaswa kutoa risiti.

Risiti ndiyo roho ya malalamiko yoyote. Asiye na mashine ya kielektroniki anaweza kuandika kwa mkono: tarehe, kitu, kiasi, bei, sahihi. Kwa mbegu usiishie hapo. Hifadhi pakiti yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, na bakiza gao moja la mbegu ndani yake. Kabla ya kupanda, tandaza mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, uziweke mahali pa joto kwa wiki moja. Zikiota chini ya 80, rudi dukani na kitambaa chako kabla mvua haijakata. Malalamiko ya mbegu mbovu yanayopelekwa mwezi Machi, shamba likiwa limeshakuwa majani, hayana ushahidi tena.

Kuongea na mwenye duka

Mwenye duka ni jirani yako. Huenda naye aliuziwa kwa kipimo pungufu mjini, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Mkigundua kasoro nendeni watu wawili au watatu, mmoja wao mzee anayeheshimika, wakati ambao duka halina wateja. Shikamoo kwanza, habari za nyumbani, kisha maneno: "Mama, kilo mbili tulizochukua jana zimepungua robo. Tumepima mara tatu. Tupime pamoja." Mpeni nafasi ya kurekebisha. Wengi hurekebisha, kwa sababu jina baya kijijini linaua duka haraka kuliko faini.

Akikataa, ondokeni kwa amani mkaandike. Msiwatume sungusungu. Jeshi hilo la jadi lilizaliwa huku Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe na majambazi. Kulitumia kumchapa mchuuzi ni kosa, na kutageuza haki yenu kuwa kesi dhidi yenu. Vilevile msikimbilie kumwanika mtu kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayesambaza habari za uongo, na jina la mtu likishachafuliwa haliokoteki. Redio za Tabora kama VOT na CG FM ni njia nzuri zaidi, lakini nendeni huko mkiwa na daftari, na mzungumzie tatizo lenyewe badala ya kumtaja mtu.

Mkutano na ofisi

Kisheria mkutano mkuu wa kijiji hukutana walau mara moja kila miezi mitatu. Watu huulalamikia mkutano huo kuwa ni wa michango tu, nami nasema ni kwa sababu tunaenda mikono mitupu. Peleka ajenda kwa mtendaji siku kadhaa kabla, kwa maandishi: taarifa ya bei na vipimo, dakika kumi. Msomaji wenu asome namba zilizo kwenye daftari, bila hotuba. Kisha ombeni azimio moja linalotekelezeka, kwa mfano kwamba kila mnunuzi wa mazao anayeingia Ntalikwa ajiandikishe kwa mtendaji na apimie kwenye mizani yenye stika. Azimio lililoingia kwenye muhtasari lina nguvu ambayo kelele hazina, kwa kuwa diwani anaweza kulibeba hadi kwenye baraza la madiwani.

Ofisi za kulalamikia ni nyingi, na watu wengi hukata tamaa kwa sababu wameenda mlango usio wao. Mizani, gunia na pampu ni Wakala wa Vipimo. Chakula na vipodozi vibovu ni TBS, iliyochukua kazi hiyo mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA. Dawa zilibaki kwa TMDA. Mbolea ni TFRA, mbegu ni TOSCI. Umeme, maji na mafuta ni EWURA, simu ni TCRA, nauli za mabasi ni LATRA, na kila mmoja wa wadhibiti hawa watatu ana baraza la watumiaji lililoundwa kusimama upande wako. Bidhaa bandia, matangazo ya uongo na wafanyabiashara wanaopatana bei kwa siri ni Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Tangazo la "mali ikishauzwa hairudishwi" lisikutishe: halifuti haki yako juu ya bidhaa mbovu. Wenzetu Kenya wameziandika haki za mlaji ndani ya Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 46. Sisi tunazo kwenye sheria, zimetawanyika, na kazi ya kikundi ni kuzikusanya kwenye karatasi moja ukutani.

Kuna jambo moja la kata za pembeni kama Ntalikwa linalostahili sauti ya pamoja. Tangu Januari 2022 kuunganishiwa umeme vijijini ni shilingi 27,000, na mijini ni shilingi 320,960 kwa njia moja iliyo karibu na nguzo. Kata iliyo ndani ya mipaka ya manispaa lakini watu wake ni wakulima inaweza kuhesabiwa mji kwenye karatasi ilhali ni kijiji kwa maisha. Ulizeni TANESCO kwa maandishi eneo lenu limewekwa kundi gani na kwa kigezo kipi. Swali hili akiuliza mtu mmoja kaunta, atajibiwa kwa mdomo. Likiulizwa na kaya mia moja zenye sahihi, kupitia kwa diwani na mbunge, itabidi lijibiwe kwa barua.

Kausha damu

Mkopo nao una kipimo, na ndicho kipimo kinachochezewa kuliko vyote. Chukua mfano huu: unapewa shilingi 100,000 na kutakiwa kurejesha 5,000 kila siku kwa siku 26. Elfu tano inaonekana ndogo. Lakini jumla ni 130,000, yaani asilimia 30 kwa muda usiofika mwezi, na kwa kuwa ulianza kulipa kesho yake, kwa wastani fedha yenyewe ulikaa nayo karibu nusu tu ya muda huo. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kwa laki moja hiyo ni shilingi 3,500 kwa mwezi. Mama aliyechukua mkopo wa namna hii, unaoitwa kausha damu, ili anunue mahindi ya kuuza analipa karibu mara tisa ya kiwango hicho, na wakija kumbebea godoro anadhani kosa ni lake. Linaniuma hilo kuliko lumbesa.

Mfundisheni kila mwanachama maswali matatu ya kuuliza kabla ya kuweka dole gumba: Leseni ya Benki Kuu iko wapi? Jumla nitakayorudisha ni shilingi ngapi? Mkataba wangu uko wapi, wa Kiswahili, nakala ya kwenda nayo nyumbani? Kadi ya benki na namba ya siri haziachwi kwa mkopeshaji kamwe. Kwa mikopo ya simu, kumbukeni kuwa Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Na ulizeni kwenye mkutano kuhusu asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sheria inataka ikopeshwe bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni vikundi gani vya kata yenu vilipata, na vile vilivyoomba vikakosa viliambiwa nini?

Jilindeni na ninyi

Narudi kwa VFCU, kwa kuwa habari yake haiishii penye ushindi. Baada ya Uhuru malalamiko ya wakulima yaligeukia vyama vyenyewe, na kamati maalumu ya Rais ya mwaka 1966 ilikuta ndani ya ushirika nchini ubadhirifu, na viongozi ambao wanachama hawakuweza kuwawajibisha. Watu waliosimama kulinda mizani walihitaji nao kulindwa. Kwa hiyo mshika mizani na mshika daftari wasiwe mtu mmoja, na wabadilishwe kila msimu. Fedha ya kikundi isomwe hadharani kila mwezi hata kama ni shilingi elfu tatu. Mnunuzi akijitolea kuwanunulieni fulana au mizani mpya, mshukuruni na mkatae. Na wanawake wawe nusu ya wapimaji kwa sababu ya wazi kabisa: ndio wanaonunua kila siku, na ndio wanaojua sado ya duka gani imebonyezwa kitako.

Mkifika hatua ya barua kwa mamlaka, iandikeni fupi, ukurasa mmoja. Tarehe, mahali, kitu, kiasi mlicholipia, kiasi mlichopata, mmekwishaongea na nani na alijibu nini, na mnaomba nini. Ambatisheni nakala za risiti na za kurasa za daftari. Asili zibaki kwenu. Nakala ziende kwa mtendaji wa kata na diwani. Pelekeni kwa mkono, watu wawili, na msiondoke bila mhuri wa "imepokelewa" kwenye nakala yenu pamoja na jina la aliyepokea. Wekeni tarehe ya kurudi, siku 14 zinatosha, na siku hiyo warudi watu wawili wengine na nakala ileile, wakae kwenye benchi mpaka waonane na ofisa.